Nafasi Nne

Mstari wa nne, inasema mashine,
umejongea bila sababu.
Sababu ninayo: usingizi.
Saa sita usiku, Mabatini, juu ya jabali,
chumba changu kimepanda mgongo wa paa la jirani
na kompyuta ya kuazima
inanichoma mapajani kama sufuria.

Lugha hii wenyewe huiita Paithoni.
Mimi naiita Chatu,
maana baba mdogo alimcheza Bujora siku za ngoma,
amemvaa shingoni,
akaniambia neno moja tu:
    anaujua mkono unaoyumba.
Huyu wangu naye anaujua.
Humeza majina, uzito, bei,
ila nafasi moja iliyozidi
    humkwama kooni.

Nikaifuta. Sasa mstari wa saba.
Nikausukuma ndani. Sasa wa sita
unalalamika kwamba wa saba umeingia
na hakuna aliyeufungulia mlango.
Kweli, nukta pacha hamna.
Nikaziweka, moja juu ya mwenzake,
kama mawe ya hapa kwetu,
yanayopandana na hayaanguki.

Kisha la ajabu: mistari miwili imesimama sawasawa,
nimeipima kwa ukingo wa kitambulisho cha kura,
na bado Chatu hataki.
Nikapitisha kishale, herufi kwa herufi.
Mmoja niliusogeza kwa kile kitufe cha tabo
(kwangu mimi ni tabu),
mwingine kwa kugonga nafasi nne, moja moja.
Kwa jicho ni Kulwa na Doto.
Kwa Chatu hawajuani.

Saa nane. Hakuna kosa.
Nikaruka, nikagonga kichwa kwenye bati.
Halafu nikasoma jibu:
    Milembe, kilo 38.
Thelathini na nane! Mwanamke aliyeshusha magunia ya dagaa
mwaloni Kirumba tangu kabla ya adhana?

Kosa linalopiga kelele lina heri.
Hili lilinyamaza. Neno la kurudisha jibu
nimeliweka ndani ya kitanzi,
likahesabu gunia la kwanza, likafunga duka.
Nikalirudisha kushoto, nafasi nne,
polepole, kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala
kutoka kitanda cha wageni.
    195.
Sawasawa na daftari. Magunia matano.

Ila Milembe alisema sita.
Alisema sita Jumanne, mbele za watu,
nami nikamgongea ukurasa kwa kidole:
soma mwenyewe, mama.

Nikaufungua tena ule ukurasa.
Daftari la mwaloni halina wa kulikemea;
unaandika ulivyoandika, linakubali.
Namba za Milembe nilizianza vidole viwili kutoka pambizo,
za Masalu vidole vitatu,
na mvua ilikuwa imeanza kudondoka.
Chini ya jina la Masalu, ya kwanza kabisa,
    36.
Nikaweka kidole. Nikaweka cha pili.
Cha tatu hakikupata pa kukaa.

Nikalikumbuka gunia lenyewe: mshono wa uzi wa buluu.
Masalu hufunga kwa katani.

Sikulala tena.
Saa kumi na mbili nikashuka ngazi za mawe
na bei ya kilo thelathini na sita mfukoni,
pesa ya kodi, mwenye nyumba atanisamehe au hatanisamehe.
Milembe alikuwa amechuchumaa kando ya turubai,
anachagua kokoto kwenye dagaa.
Nilikuwa nimejiandaa kumweleza yote,
kitanzi, nafasi, ile tabu ya kitufe.
Akapokea noti, akalamba kidole, akahesabu,
akahesabu tena.

"Nilisema sita," akasema,
akarudi kwenye kokoto zake.